Spana ya Mwenye Gari na Spana ya Fundi: Historia ya Ukarabati wa Magari Madogo Ngara

Historia ya usafiri jijini Nairobi imeandikwa zaidi kwa kufuata reli, barabara kuu na matatu, ilhali gari dogo la familia, hasa lile lililozeeka na kuendelea kutumika miaka mingi baada ya mtengenezaji wake kuacha kulihesabu, limetajwa kwa nadra. Hata hivyo, kwa familia ya mwalimu, karani au mfanyabiashara mdogo, gari la aina hiyo ndilo lililopeleka watoto shuleni, wagonjwa hospitalini na jamaa mashambani wakati wa Krismasi, na uhai wake ulitegemea ujuzi ambao haukuandikwa vitabuni. Ngara, mtaa ulio kaskazini mwa kitovu cha jiji, ng'ambo ya Mto Nairobi, ni mahali panapofaa kuuchunguza ujuzi huo, kwa kuwa kati ya Barabara ya Kirinyaga, Barabara ya Ngara na kingo za mto huo, mwenye gari huweza kufikia kwa miguu duka la vipuri, yaani vipande vya badala ambavyo watu wengi huviita spea, fundi wa umeme wa gari, mchomeleaji wa vyuma na kerezo, ambayo ni mashine inayozungusha chuma ili kichongwe kwa kipimo. Makala haya yanaonyesha kwamba katika mazingira hayo kujitengenezea gari kulikuwa kazi ya watu wawili, ambapo mwenye gari alitambua kasoro, akafanya matengenezo madogo nyumbani, akajinunulia spea na kusimamia kazi kubwa kwa macho yake, naye fundi akatoa nguvu, vyombo na uzoefu. Yanaonyesha pia kwamba mgawanyo huo wa kazi ulizaliwa na historia ya mtaa wenyewe.

Chanzo cha historia hiyo ni reli. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya ujenzi wa reli ya Uganda, iliyojengwa kuanzia Mombasa mwaka 1896 hadi kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na ujenzi huo ulileta kutoka India vibarua zaidi ya 30,000, wakiwemo waashi, maseremala na wahunzi. Wengi wao walirudi kwao mikataba ilipokwisha, lakini waliobaki, miongoni mwao Masingasinga wa Punjab ambao Waswahili waliwaita makalasinga, waliingia katika karakana za reli na baadaye wakafungua zao wenyewe. Ripoti ya Profesa W. J. Simpson kuhusu afya ya miji, iliyotokana na ziara yake ya mwaka 1913, ilipendekeza makazi yagawanywe kwa misingi ya rangi, na ingawa sheria haikuutekeleza mpango huo kikamilifu, ardhi na nyumba ziligawanywa kwa mwelekeo huo. Ngara ikawa mojawapo ya mitaa ya Waasia, yenye nyumba za wafanyakazi wa reli na serikali, maduka, shule na majumba ya sinema, mojawapo likiwa Shan, ambalo leo linajulikana kama Sarakasi Dome. Waafrika walisukumwa mbali zaidi. Kijiji chao cha Pangani, kilichopakana na Ngara, kilibomolewa mwaka 1939 na wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Kwa hiyo magari yalipoanza kuongezeka, elimu ya chuma tayari ilikuwa imekaa upande mmoja wa mstari wa rangi, na watu wa upande wa pili waliifikia zaidi kwa njia ya ajira.

Bonde lililo kati ya Ngara na kitovu cha jiji lilikuwa kinamasi, na sehemu yake kubwa ilimilikiwa na Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyepata umaarufu kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo aliyoikamilisha mwaka 1900. Barabara iliyopita katika bonde hilo ilipewa jina lake, na baada ya uhuru ikaitwa Barabara ya Kirinyaga, ingawa wanunuzi wa spea hadi leo husema wanakwenda Grogan. Mahali hapo palifaa ukarabati kwa sababu zinazoeleweka. Palikuwa karibu na maduka ya Barabara ya River, karibu na makazi ya mafundi wa Ngara, na kwenye njia ya magari yaliyoingia kutoka upande wa Thika na Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a; ardhi ya kando ya mto, kwa kuwa ilikuwa ya mabondeni na haikuvutia wajenzi wa majumba makubwa, ilipatikana kwa gharama ndogo au bila hati yoyote. Gereji inahitaji nafasi ya kuweka gari lililofunguliwa kwa siku kadhaa, na nafasi hiyo haikuwepo katikati ya jiji.

Jinsi ujuzi ulivyovuka mstari wa rangi ilielezwa kwa kina na mtafiti Kenneth King katika kitabu chake kuhusu fundi wa Kiafrika kilichotolewa mwaka 1977. Kijana aliajiriwa na fundi wa Kiasia kama msaidizi, akapewa kazi ya kuosha vyuma vyenye grisi, kushika taa na kupokeza spana, na kwa kuwa hakufundishwa rasmi, alijifunza kwa kutazama mkono wa mwenye kazi na kukariri mpangilio wa kila nati. Baada ya miaka kadhaa aliweza kufungua injini peke yake, na baada ya kukusanya vyombo vichache aliondoka na kuanza kazi yake chini ya mti au kando ya barabara. Mabadiliko ya kisheria ya mwaka 1967 yaliharakisha mwendo huo, kwani sheria mpya ya uhamiaji iliwataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na sheria ya leseni za biashara ikawawekea mipaka ya maeneo na bidhaa. Waasia wengi waliokuwa na pasipoti za Uingereza waliondoka nchini katika miaka iliyofuata, na baadhi ya maduka na karakana yakapita mikononi mwa Waafrika. Serikali nayo ilikuwa na mitihani ya ufundi yenye madaraja matatu, ambayo ilimwezesha mtu aliyejifunza kazini kupata cheti bila kupitia chuo, ingawa wateja wa Ngara waliendelea kumpima fundi kwa gari la mwisho alilolitengeneza.

Magari ya kipindi hicho yalikuwa na tabia iliyowafaa wote wawili, mwenye gari na fundi. Volkswagen ya mgongo wa kobe, Peugeot 404, Datsun 1200 na ile iliyoifuata, 120Y, Toyota Corolla, pamoja na Renault 4, iliyojulikana na Wakenya wengi kwa jina la Roho, yalikuwa magari yenye mifumo michache na iliyo wazi. Sifa zao zilithibitishwa hadharani na mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953, kwani Volkswagen ilishinda katika miaka ya mwanzo, Peugeot 404 ikashinda mwaka 1963 na tena mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, kisha magari ya Datsun yakashinda mara kadhaa katika miaka ya 1970. Joginder Singh, Mkenya wa jamii ya Masingasinga aliyeshinda mbio hizo mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa mtu wa gereji kabla ya kuwa bingwa, na ushindi wake uliwaonyesha wenye magari ya kawaida kwamba ustahimilivu wa gari hutokana na anayelifahamu kwa undani.

Usahili wa magari hayo ndio uliomwezesha mwenye gari kushika spana. Injini ilipata petroli kupitia kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa kwa nguvu ya mvuto wa hewa yenyewe, na cheche za kuwasha mchanganyiko huo zilitokana na pointi, yaani vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distributa vinavyofungua na kufunga mkondo wa umeme. Pointi zilipoungua au nafasi kati yake ilipobadilika, gari lilikataa kuwaka asubuhi, na dawa yake ilikuwa msasa laini pamoja na kipimo cha bamba jembamba, ambacho kwa Volkswagen kilitakiwa kuwa milimita 0.4. Kusafisha plagi, kubadilisha oili, kukaza mkanda wa feni na kutoa hewa katika mabomba ya breki, kazi ambayo humtaka mtu mmoja akanyage pedali ndani ya gari huku mwingine akifungua na kufunga skrubu kwenye gurudumu, zilifanyika uani siku ya mapumziko, mara nyingi kwa msaada wa mtoto aliyejifunza kwa njia hiyo ufundi wake wa kwanza. Hata injini ya Volkswagen, iliyoshikiliwa na boliti nne kwenye giaboksi, iliweza kuteremshwa kwa jeki na watu wawili wenye subira. Kazi iliyozidi uwezo wa nyumbani, kama vile kuchonga upya silinda zilizolika, kusaga vali ili zizibe sawasawa au kunyoosha kichwa cha silinda kilichopinda kwa joto, ndiyo iliyopelekwa Ngara, na mara nyingi mwenye gari alipeleka kile kipande peke yake, akiwa amekwisha kukifungua, kisha akarudi nacho kukifunga.

Katika jambo hili Ngara ilitofautiana na Uingereza, ambako desturi ya kujitengenezea gari ilikua sambamba na vitabu vya mwongozo, vikiwemo vile vya Haynes, ambavyo kuanzia mwaka 1966 vilieleza gari moja baada ya jingine kwa kulifungua lote na kulifunga tena. Vitabu vya aina hiyo vilitaka msomaji wa Kiingereza mwenye gereji ya nyumbani na sanduku kamili la vyombo. Mwenye gari wa Nairobi, ambaye mara nyingi alikaa katika nyumba ya kupanga yenye ua wa pamoja na kumiliki spana chache, alipata mafunzo yake kwa kusimama karibu na fundi, akiuliza na kuonyeshwa, na elimu hiyo ya mdomo na macho ilikuwa na faida ambayo kitabu hakikuwa nayo, kwa kuwa ilizingatia vumbi, mashimo, petroli chafu na spea zilizopatikana kweli madukani.

Hali ya uchumi iliimarisha desturi hiyo. Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973 na tena mwaka 1979 kuliibana akiba ya fedha za kigeni, serikali ikadhibiti uagizaji kwa leseni, na ingawa viwanda vya kuunganisha magari vilianzishwa Thika, Nairobi na Mombasa katika miaka ya 1970, gari jipya lilibaki mbali na uwezo wa familia nyingi. Gari lililokwisha kununuliwa lilipaswa kudumu. Mafundi walijibu uhaba kwa kubuni mbadala: rejeta iliyovuja ilizibwa kwa risasi iliyoyeyushwa, gasketi, yaani karatasi ngumu inayoziba maungio ya injini, ilikatwa kwa mkono kwa kufuata umbo la ile ya zamani, ngozi za breki ziligongwa upya kwa ribiti kwenye vyuma vyake vya awali, na bushi, zile pete zinazopunguza msuguano na mshtuko katika maungio ya magurudumu, zilichongwa kwa kerezo au kukatwa kutoka mpira wa tairi. Uhaba haupaswi kutukuzwa, kwani baadhi ya mbadala hizo zilikuwa hafifu na katika breki au usukani ziliweza kugharimu maisha. Hata hivyo ndani yake kulikuwa na uhandisi wa kweli, kwa sababu fundi alilazimika kuelewa kazi ya kipande kabla ya kukitengeneza upya.

Wataalamu wa uchumi walianza kuuona ulimwengu huo mwaka 1972, pale ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulipotoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya na kueleza kwamba sekta isiyo rasmi, yaani kazi ndogo zinazoanzishwa kwa mtaji mdogo, kwa ujuzi uliopatikana nje ya shule na bila ulinzi wa serikali, ilikuwa na tija na ilistahili kusaidiwa badala ya kusumbuliwa. Wananchi walikuwa wakiwaita watu wa sekta hiyo jua kali, kwa kuwa walifanya kazi bila paa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, jijini Nairobi, na kuahidi kuwajengea vibanda, na nyaraka za sera za serikali za mwaka 1986 na 1992 zikaipa jua kali nafasi rasmi katika mipango ya maendeleo. Manufaa hayakugawanyika sawa. Fundi wa mabati aliweza kukaa katika kibanda kidogo, lakini fundi wa magari alihitaji uwanja, na gereji nyingi za kando ya Mto Nairobi ziliendelea kusimama juu ya ardhi isiyo na hati, zikitambuliwa katika hotuba huku zikiweza kuondolewa wakati wowote.

Mageuzi makubwa zaidi yalikuja katika miaka ya 1990, wakati udhibiti wa uagizaji na wa fedha za kigeni ulipoondolewa na magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kumiminika kupitia bandari ya Mombasa. Japani na Kenya zote huendesha upande wa kushoto, na katika Japani gari hufanyiwa ukaguzi wa lazima wenye gharama, mara ya kwanza baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, jambo linalowafanya wenye magari wengi kuyauza yakiwa bado na nguvu. Shirika la Viwango la Kenya, kupitia kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000, liliweka ukomo wa miaka 8 kwa gari linaloingizwa, na kwa kuwa gari la umri mkubwa lilikuwa nafuu zaidi, familia nyingi zilianza maisha ya gari lao pale ambapo familia ya Japani ilikuwa imeyamaliza. Toyota Starlet, Nissan Sunny, Nissan March na baadaye Toyota Vitz yakachukua nafasi ya Datsun na Volkswagen. Pamoja na magari hayo zilikuja spea zilizotumika, zilizofunguliwa kutoka magari yaliyochinjwa Japani, zikiwemo injini nzima na giaboksi zake, na Barabara ya Kirinyaga ikawa soko ambamo ilikuwa rahisi kununua injini nyingine kuliko kuichonga ile iliyochoka.

Mabadiliko hayo yaliongeza uzito wa kazi ya mwenye gari. Awali aliweza kumwachia fundi ununuzi, lakini sasa, mbele ya spea mpya halisi, spea mpya za kuiga na spea zilizotumika, tofauti ya bei ilikuwa kubwa mno kuachwa mikononi mwa mtu mwingine, na ikazoeleka kwamba mwenye gari hubeba kipande kilichokufa kama sampuli, hukilinganisha na kile cha dukani kwa meno, matundu na urefu wake, na huondoka na vyote viwili. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya mwaka 2008 ililenga pia vipuri, lakini ulinzi wa kila siku ulibaki kuwa jicho la mnunuzi na sifa ya muuzaji. Wizi wa vioo vya pembeni na taa ulizaa desturi nyingine iliyoenea jijini, ya kuchora namba ya gari kwenye kila kioo ili kisiuzike kwa urahisi. Ndipo kusimamia gari likitengenezwa, jambo ambalo mgeni angeweza kulichukulia kuwa ni kumdhania fundi vibaya, kulipokuwa mkataba usioandikwa: mwenye gari huona kilichotolewa na kilichowekwa, fundi hupata shahidi wa kazi yake, na wote wawili hujua gari lina nini ndani litakaporudi tena.

Elektroniki ilileta jaribio gumu zaidi kwa mkataba huo. Katika Vitz na wenzake, kabureta na pointi zimetoweka, na kompyuta ndogo hupima hewa, joto na mwendo wa injini kisha huamua kiasi cha petroli na wakati wa cheche. Kasoro haionekani tena kwa macho, na fundi aliyezoea kusikiliza injini amelazimika kutumia kifaa kinachosoma kumbukumbu za makosa ndani ya kompyuta hiyo. Wengi walitarajia kwamba mabadiliko hayo yangelifunga gari kwa mwenyewe. Badala yake bei ya vifaa vya kusomea makosa imeshuka kiasi kwamba baadhi ya wenye magari huvitumia kupitia simu zao, wakafika Ngara wakiwa wanajua kihisio kipi kimelalamika, na kazi za nyumbani zimehamia kwenye vichujio, betri, taa, pedi za breki na usafi wa mkondo wa hewa. Mgawanyo wa kazi kati ya mwenye gari na fundi umebaki, ila mpaka wake umesogea.

Historia hii ina gharama ambayo haifai kufichwa. Oili chafu, asidi ya betri na maji ya kuoshea injini vimeingia katika Mto Nairobi kwa miongo mingi, na hifadhi ya kingo za mto, inayotakiwa kisheria, imevamiwa na gereji pamoja na majengo makubwa vilevile. Juhudi za kusafisha mto zilizoongozwa na John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia mwaka 2008 zilizaa bustani karibu na Barabara ya Kijabe, bustani ambayo sasa ina jina lake, na ujenzi wa barabara kuu ya Thika, uliokamilika mwaka 2012, uliibadilisha kabisa sura ya Ngara na mzunguko wa barabara wa Globe. Mto safi na barabara pana ni haki ya wakazi wote, wakiwemo mafundi wanaokaa kwenye vumbi na moshi huo kutwa. Tatizo ni kwamba kila mara gereji inapoondolewa bila kupewa mahali pengine karibu, kinachovunjika ni ule ukaribu wa duka, kerezo, fundi wa umeme na mchomeleaji, ambao ndio karakana halisi ya Ngara, kwani hakuna fundi mmoja kati yao mwenye vyombo vya kulimaliza gari peke yake.

Kwa sababu hiyo, sera ya ukarabati jijini Nairobi ingepaswa kuanza na mambo mawili yanayofundishwa na historia hii. La kwanza ni ardhi ya pamoja yenye mifereji na mapipa ya kukusanyia oili chafu, itakayopangwa ili mafundi wa fani mbalimbali wakae jirani kama walivyojipanga wenyewe kwa vizazi, badala ya kutawanywa pembezoni mwa jiji. La pili ni kulinda haki ya mwenye gari ya kuona, kuuliza na kupata taarifa za gari lake, haki inayozidi kuwa muhimu wakati magari ya umeme na programu zilizofungwa na watengenezaji yanapoanza kufika, kwa kuwa yatakuja Kenya kwa wingi yakiwa yametumika, kama yalivyokuja yaliyotangulia. Fundi aliyejifunza kwa kupokeza spana na mwenye gari aliyejifunza kwa kusimama karibu naye wameyaendesha magari ya familia za Nairobi kwa zaidi ya nusu karne bila msaada mkubwa wa serikali. Wakipewa uwanja na taarifa, wanao uwezo wa kuyaendesha na yale yajayo.